Reli ya Korogwe na Wale Walioijenga

Usharika unapotimiza miaka mia moja, ni desturi kuwakumbuka waliotoa mawe, mbao na nguvu zao. Sisi wa Misima, tuishio kati ya Handeni na Korogwe, hatuwezi kusimulia habari za ujenzi tukaiacha reli, maana ni katika kazi zile za kwanza ambapo mwenye mtaji, serikali na mtenda kazi walikutana katika nchi yetu hii.

Kazi ilianza Tanga mwaka 1893, miaka miwili baada ya wamisionari wa Bethel kufungua kituo cha Mlalo. Kampuni ya Kijerumani ilianza kwa mtaji wake, na mtaji ule haukutosha. Ilifika Muheza mwaka 1896, takribani kilomita 40 tu, reli ikalala hapo. Mwaka 1899 serikali ya kikoloni ikaichukua. Ndipo ilipofika Korogwe mwaka 1902, Mombo mwaka 1905 na Moshi mwaka 1911.

Je, waliochimba tuta? Kodi ya nyumba ya mwaka 1898 iliwasukuma wengi kutafuta fedha kwa kazi ya ujira, na mapatano ya wakubwa hayakuwauliza neno. Kwa maoni yangu upungufu huu ulipita ule wa fedha.

Kamati ya ujenzi wa kanisa nayo ina pande zake: waumini watoao, wafadhili, na fundi. Saruji ikipanda bei kuta zikiwa nusu, nani atabeba tofauti? Nimeona sharika zikilijibu swali hilo kabla ya msingi kuchimbwa, na nyingine zikilijibu kwa ugomvi.

Reli ya TAZARA ilishika njia nyingine. Tanzania, Zambia na China zilitia saini mapatano mjini Beijing mwezi Septemba 1967, kwa mkopo usio na riba, na upimaji ukatangulia. Ujenzi ulianza Oktoba 1970. Kilomita 1,860 hadi Kapiri Mposhi zikatandikwa reli kufikia mwaka 1975. Mafundi wa Kichina waliwafundisha Watanzania na Wazambia kwa vitendo, kazini. Hata hivyo mapatano hayo hayakukosa uzito wake: gharama za ndani zililipwa kwa kuuza bidhaa za China, nao wazee watakumbuka jinsi zilivyojaa madukani. Wachina zaidi ya 60 walifariki katika kazi ile, na baadhi yao wamezikwa Gongo la Mboto, Dar es Salaam.