Ndoa za raia na wageni (Njombe na Makambako)

Ndoa kati ya Mtanzania na mgeni mkoani Njombe huongozwa na sheria za nchi nzima, ila mahali penyewe huzipa uzito. Makambako ni njiapanda ya barabara kuu iendayo Tunduma na Zambia na ile ya Njombe na Songea, tena ina stesheni ya reli ya TAZARA. Ludewa inapakana na Malawi katika Ziwa Nyasa. Mashamba ya chai, miwati na parachichi nayo huleta wageni.

Kikwazo kikubwa kimo katika Sheria ya Uraia ya mwaka 1995. Mwanamke mgeni aliyeolewa na raia anaweza kuomba uraia wa tajnisi wakati wowote mumewe angali hai. Mwanamume mgeni aliyeoa Mtanzania hana njia hiyo. Sharti awe ameishi nchini miezi 12 mfululizo kabla ya kuomba, na jumla ya miaka 7 katika 10 iliyotangulia, sawa na mgeni yeyote asiye na mke wala mtoto hapa. Watoto hupata uraia kwa mama kama kwa baba. Hivyo nyumba moja huwa na raia wote isipokuwa baba, anayeishi kwa kibali cha kuhuishwa. Huu ni ubaguzi dhidi ya mwanamke raia, na Tanzania iliridhia mwaka 1985 mkataba wa Umoja wa Mataifa unaoukataza.

Ardhi ndipo panapouma zaidi. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 kwa kawaida haimruhusu asiye raia kumilikishwa ardhi ila kwa uwekezaji, na Njombe ni mkoa ambako familia hujenga maisha kwa kupanda miti inayovunwa baada ya miaka mingi. Njia ya halali ni shamba kuandikwa jina la mke. Mume hupanda, hupalilia na kulipia vibarua, pasipo jina lake kwenye hati.

Wapo wanaotafuta kibali cha ajira au cha uwekezaji badala ya kusubiri uraia, hasa kwa kuwa tajnisi humlazimu mtu mzima kuukana uraia wa kwao. Wengine huhamia nchi ya mwenzi mgeni. Kenya humruhusu mwenzi wa raia, mke au mume, kuomba uraia baada ya miaka 7 ya ndoa. Zambia, tangu marekebisho ya Katiba ya mwaka 2016, baada ya miaka 5. Anayemfuata mwenzi Ujerumani kwa kawaida hutakiwa kwanza kufaulu mtihani wa Kijerumani cha mwanzo, na kwa mtu wa Njombe kuufanya ni safari ya Dar es Salaam.