Faili la Kuanzishia

Kitatuzi ni programu ya kuchunguzia programu nyingine: huisimamisha katikati ya kazi, hukuonyesha thamani za vigeu vyake, kisha huiachia iendelee. GDB, ambayo Richard Stallman aliiandika mwaka 1986, huendeshwa kwa amri za maandishi. DDD, iliyozaliwa Ujerumani katika chuo kikuu cha ufundi cha Braunschweig, huivika GDB madirisha, vitufe na michoro ya data.

Kabla hujaandika amri yako ya kwanza, GDB hutafuta faili liitwalo .gdbinit. Hilo ndilo faili la kuanzishia. Wapo wanaopendelea “faili la mipangilio ya mwanzo”, lakini kwa wasomaji wengi mipangilio ya mwanzo ni ile iliyokuja na programu yenyewe, na hapa tunazungumzia kinyume chake: yale uliyoongeza wewe. “Kuanzishia” imebeba kauli ya kutendea, kama kisu cha kukatia, na mzungumzaji anaielewa papo hapo.

Kitenzi kinachofuatana nalo kinahitaji uangalifu zaidi. Tumezoea kusema kitatuzi “husoma” faili hilo. Kusoma ni neno pole mno! GDB hulitekeleza mstari kwa mstari, na miongoni mwa amri zake imo shell, inayoweza kuendesha amri yoyote ya mfumo, hata ya kufuta nyaraka zako. Faili hilo likiwa ndani ya mradi uliopakua kwa mtu usiyemjua, amri za mgeni zinatekelezwa kwa mamlaka yako. Ndiyo maana tangu toleo la 7.5, la mwaka 2012, GDB hulikataa faili la saraka uliyomo mpaka uitaje saraka hiyo kuwa salama. Tuseme basi “hutekeleza”.

Mafaili haya yana zamu: la mfumo mzima, la nyumbani kwa mtumiaji, mwisho la saraka uliyomo. Yakigongana, la baadaye hutangua la awali. Chaguo -nh huruka la nyumbani tu. Chaguo -nx huyaruka yote.

Kwenye DDD kuna tabaka mbili. Ukiandika -nx wakati wa kuiwasha, chaguo hilo huifikia GDB iliyo chini yake na .gdbinit haitekelezwi. Lakini dirisha lina faili lake, ~/.ddd/init, lenye mambo ya fonti na vitufe, ambalo GDB hailijui kabisa. Ukitaka DDD ianze bila mipangilio yako ya zamani, elekeza kigeu cha mazingira DDD_STATE kwenye saraka tupu.