Hifadhi ya Mtemi na Udugu wa Wenyeji: Makazi ya Wamisionari katika Njia ya Misafara ya Tabora, 1878–1956

1. Utangulizi

Historia ya misioni magharibi mwa Tanzania aghalabu huandikwa kwa kuanzia na watu waliotoka Ulaya na kuishia na makanisa waliyoyajenga. Mtazamo huo humficha mwenyeji, ambaye ndiye aliyeamua mgeni akae wapi, kwa masharti gani na kwa muda gani. Makala haya yanachunguza namna wamisionari walivyopata makazi katika jamii mchanganyiko ya njia ya misafara kutoka Tabora hadi Ziwa Tanganyika. Hoja yake kuu ni kwamba ukaazi uliotegemea hifadhi ya mtemi uliyumba siasa zilipobadilika, ilhali ule uliofumwa kwa ndoa, tiba na lugha ulidumu.

2. Tabora na Kipalapala

Tabora, katika Unyanyembe, ilikuwa njia panda: njia moja ilitoka Bagamoyo, ya pili ilikwenda Ujiji, ya tatu ilielekea kaskazini hadi Ziwa Nyanza. Wanyamwezi, Waarabu wa Omani, Waswahili wa pwani na Wamanyema waliishi humo kwa ujirani uliokuwa na taratibu zake. Mgeni alitoa hongo, akaajiri wapagazi kwa ujira wa nguo, akapanga katika tembe na kuzungumza Kiswahili. Mapadre Weupe walioondoka Bagamoyo Juni 1878 walifuata taratibu hizo hizo, kisha wakagawanyika kuelekea Ujiji na Buganda. Baadaye, huko Kipalapala karibu na Tabora, walianzisha makao ya watoto waliokombolewa utumwani. Mwaka 1889, uhasama wa Mtemi Isike uliwalazimu kuyaacha na kuhamia Bukumbi, kusini mwa Ziwa Nyanza.

3. Urambo

Magharibi mwa Tabora, Mtemi Mirambo alikuwa amepigana na Waarabu wa Unyanyembe kuanzia 1871 hadi 1875. Mwaka 1879 alimpokea Dkt. Ebenezer Southon wa Chama cha Wamisionari cha London. Mapokezi hayo hayakuwa ya kidini. Mirambo alitafuta njia ya kuwasiliana na balozi wa Uingereza Zanzibar bila kupitia kwa wapinzani wake, na tabibu ajuaye kuandika alimfaa kwa mambo mawili. Southon alifariki 1882 kutokana na jeraha la bunduki iliyofyatuka kwa bahati mbaya. Kwa hiyo ufupi wa ukaazi wake hauwezi kuwa kipimo cha uhusiano wenyewe. Kipimo ni yaliyofuata: Mirambo alipofariki Desemba 1884, dola yake ilianza kudhoofika na kituo kikapoteza nguzo. Mwaka 1898 kilikabidhiwa kwa Wamoravian.

4. Karema

Mfano wa Adrien Atiman unatofautiana na hiyo miwili. Alizaliwa karibu na Timbuktu yapata 1866, akatekwa utotoni na kuuzwa, kisha akakombolewa na Mapadre Weupe huko Algeria. Kardinali Lavigerie alimpeleka Malta kusomea utabibu, na mwaka 1888 alisafiri kuja Afrika Mashariki. Mtu aliyewahi kuvushwa Sahara akiwa bidhaa aliingia katika njia ambayo bado ilipitisha mateka.

Huko Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, Uafrika wake haukumfanya mwenyeji. Alikuwa mgeni wa lugha, wa ukoo na wa desturi. Alimwoa Agnes Wansahira, binti wa ukoo wa kitemi wa Wabende, na kwa ndoa hiyo akapata shemeji, wakwe na mahali pa kuitwa ndugu. Mtoto wao Joseph alipewa upadre 1923. Atiman aliendelea kutibu Karema hadi alipofariki 1956, baada ya tawala za Wajerumani na Waingereza kupokezana.

5. Hitimisho

Ulinganisho huu hauthibitishi kwamba ndoa pekee ilitosha. Atiman naye alitegemea misioni kwa dawa na riziki. Hata hivyo, unaonyesha kwamba ruhusa ya mtemi ilimpa mgeni kiwanja tu. Ujamaa ulimpa watu, na watu hao hawakuondoka utawala ulipobadilika. Kwa sababu hiyo, utafiti wa misioni katika eneo hili unapaswa kuwasoma akina Wansahira kama waasisi wa ukaazi huo, badala ya kuwataja pembeni mwa wasifu wa waume zao.