Amani na Amana: Vita na Mikopo ya Kigeni Nchini Uganda

Kilima cha Mbuya, mashariki mwa Kampala, kinafahamika kwa kambi ya jeshi na hospitali yake. Kwa wakazi wengi wa jiji, Kiswahili kilikuwa lugha iliyotoka kambini: lugha ya amri na ya vizuizi vya barabarani. Katika makala haya tunatazama jambo lisilotajwa sana katika madarasa yetu, nalo ni jinsi vita vya wenyewe kwa wenyewe vinavyowaondoa wakopeshaji wa nje. Tuanze na msamiati.

Maneno amani, amana, imani na kuamini yanatokana na mzizi mmoja wa Kiarabu. Si ajabu basi kwamba amani ikitoweka, amana nayo huyumba. Benki ya kigeni hujiuliza: je, serikali inayotia saini leo ndiyo itakayolipa baada ya miaka kumi? Vita vikizuka, jibu hupotea. Benki hufupisha muda wa mkopo, hupandisha riba, hudai dhamana ya zao linalouzika nje kama kahawa, na mwishowe huacha kukopesha kabisa.

Uganda ilipita njia hiyo. Idi Amin, ambaye jina lake lina maana ya mwaminifu, alitwaa madaraka mwaka 1971, na mwaka uliofuata akawafukuza Waasia walioshika sehemu kubwa ya biashara. Tangu alipoangushwa Aprili 1979 hadi Januari 1986, nchi iliongozwa na Lule, Binaisa, Tume ya Kijeshi, Obote, Okello, kisha Museveni. Mkopeshaji angezungumza na nani? Mwaka 1981 Shirika la Fedha la Kimataifa lilikubali kuikopesha serikali ya Obote. Mwaka huohuo vita vya msituni vilianza, vikaiteketeza Luwero, na kufikia 1984 mpango huo ulikuwa umevunjika.

Bunduki ziliponyamaza Kampala, shirika hilo na Benki ya Dunia walirudi mwaka 1987. Wakopeshaji wa kibiashara hawakuwa wepesi hivyo. Mwaka 1993 Uganda ilisaidiwa na wahisani kuyanunua madeni yake ya kibiashara, takribani dola milioni 150, kwa senti 12 tu kwa kila dola. Hiyo ndiyo iliyokuwa thamani ya ahadi ya nchi baada ya miaka ya vita na utawala mbovu. Mwaka 1998 Uganda ikawa nchi ya kwanza kunufaika na mpango wa kimataifa wa kuzipunguzia madeni nchi maskini.

Hata hivyo, hapa pana fundisho lenye uchungu. Katika miaka hiyohiyo vita viliendelea kaskazini, huko Acholi, hadi usitishaji mapigano wa mwaka 2006, na mikopo haikukoma. Mji mkuu ulikuwa salama na kahawa ya kusini iliendelea kusafirishwa. Wahenga walisema wapiganapo tembo nyasi huumia. Wakopeshaji waliyatazama majani ya kusini tu.

Kwa hiyo, tunapofundisha neno amana, tuwakumbushe wanafunzi kuuliza: amani inayomtosha mkopeshaji, je, inamtosha pia mwananchi atakayelipa deni?