Mahali Abiria Anaposhukia: Historia ya Usafiri wa Kukodi Kisiwani Malta

Visiwa vya Malta, vilivyo katikati ya Bahari ya Mediterania kusini mwa Sisilia, vina eneo la kilomita za mraba 316 tu, na kikubwa kati yavyo, ambacho ndicho chenye jina hilo la Malta, kina urefu wa takriban kilomita 27, kiasi kwamba teksi inaweza kukivuka kutoka ncha hadi ncha kwa muda usiofika saa moja ikiwa barabara haina msongamano. Kwa hiyo historia ya usafiri wa kukodi kisiwani humo haielezeki kwa kigezo cha umbali, kama inavyoelezeka historia ya misafara au ya reli za barani. Hufahamika vizuri zaidi mtu akifuatilia mahali mgeni aliposhukia na watu waliokuwa na haki ya kumngojea mahali hapo. Haki hiyo, iliyorithishwa kwa muda mrefu kutoka kwa baba hadi kwa mwana na kulindwa kwa wivu mkubwa, ilihama kutoka gati la bandari hadi lango la mji, kisha hadi uwanja wa ndege, na hatimaye ikaanza kuwaponyoka wenyeji waliozoea kuimiliki.

Valletta, mji mkuu, ulianza kujengwa mwaka 1566 na watawa wapiganaji wa Shirika la Mtakatifu Yohane, waliokuwa wakitawala visiwa hivyo tangu 1530 na ambao mwaka uliotangulia walikuwa wamestahimili mzingiro mkali wa majeshi ya Dola ya Osmani. Mji huo umekaa juu ya rasi nyembamba ya mwamba, Bandari Kuu ikiwa upande mmoja na ghuba ya Marsamxett upande wa pili, na ng'ambo ya Bandari Kuu ipo miji mitatu ya mabaharia na mafundi wa meli, yaani Birgu, Isla na Bormla. Aliyetaka kwenda Birgu kwa nchi kavu alilazimika kuizunguka bandari yote kupitia Marsa, ilhali kwa maji ilikuwa safari ya dakika chache tu. Ndiyo maana chombo cha kwanza cha Malta kinachostahili kuitwa teksi hakikuwa na magurudumu: kilikuwa mashua iitwayo dgħajsa, jina ambalo katika matamshi ya Kimalta, lugha yenye asili ya Kiarabu inayoandikwa kwa herufi za Kilatini, husikika karibu na "daisa". Mashua hiyo ina vibao vilivyosimama wima omoni na tezini, hupakwa rangi za kung'aa, na mpiga makasia wake, aitwaye barklor, huiendesha akiwa amesimama na uso wake ukielekea mbele, akiyasukuma makasia badala ya kuyavuta, jambo linalomwezesha kuona njia katikati ya msongamano wa meli.

Waingereza walipoitwaa Malta mwaka 1800, na hasa walipoifanya kuwa kituo kikuu cha jeshi lao la majini katika Mediterania, kazi ya barklor ilipata mteja asiyekauka. Manowari kubwa hazikufunga gatini. Zilifungwa kwenye maboya katikati ya bandari, na kila baharia aliyepewa ruhusa ya kushuka, iwe kwenda kanisani au, kama ilivyokuwa mara nyingi zaidi, kwenda kwenye vilabu vya pombe vya Strait Street, alihitaji mtu wa kumvusha, na usiku alihitaji mtu huyohuyo wa kumrudisha akiwa katika hali ambayo hakuweza tena kubishania nauli. Serikali ya kikoloni ilizipa mashua namba na leseni na kupanga viwango vya nauli, na vitabu vya mwongozo wa wasafiri vya karne ya 19 vilivichapisha viwango hivyo ili mgeni asipunjwe. Kufunguliwa kwa Mfereji wa Suez mwaka 1869, uliozielekeza meli za Asia kupitia Mediterania, kuliongeza shughuli bandarini, kwa kuwa meli za mvuke zilipita hapo kuchukua makaa ya mawe, na abiria wake, wakiwa na saa chache za kungoja, walitaka kuuona mji.

Lakini kuuona mji kulimaanisha kuupanda. Valletta ulijengwa kwa mitaa iliyonyooka juu ya mwamba wenye miteremko mikali, na mingi kati yake ni ngazi tupu. Mshairi wa Kiingereza Lord Byron, aliyekuwa na kilema cha mguu, aliagana na mji huo mwaka 1811 kwa shairi ambalo ndani yake alizilaani ngazi hizo. Waliomudu gharama walipanda kaless, gari dogo lenye magurudumu mawili makubwa, likivutwa na nyumbu, yaani chotara wa punda na farasi, au na farasi mmoja, ambalo halikuwa na kiti cha dereva: dereva alikimbia kando yake kwa miguu akiwa ameshika hatamu, huku abiria wakiwa wamekaa kivulini ndani ya sanduku lililofunikwa. Wasafiri wa enzi hiyo walistaajabia pumzi za madereva hao kuliko walivyostaajabia gari lenyewe, na ni vigumu kuwalaumu, kwa sababu joto la Malta wakati wa kiangazi humchosha hata asiyekimbia.

Katikati ya karne ya 19 kaless ilianza kusukumwa pembeni na karrozzin, gari la farasi lenye magurudumu manne, viti vinavyotazamana, paa linaloshikiliwa na nguzo nyembamba, na, hatimaye, kiti cha dereva. Hilo ndilo lililokuwa gari la kukodi la Malta hadi baada ya Vita Kuu ya Pili, na ndilo ambalo mtalii wa leo huliona likisubiri penye lango la Mdina, mji mkuu wa kale ulio katikati ya kisiwa, ingawa siku hizi sheria huzuia farasi kufanya kazi katika saa za joto kali za alasiri wakati wa kiangazi.

Mitambo ya usafiri wa pamoja iliyoletwa kushindana na magari hayo haikudumu, na inatosha kuitaja kwa ufupi. Reli ya Valletta hadi Mdina ilifunguliwa mwaka 1883, kampuni yake ikafilisika miaka saba baadaye, serikali ikaichukua, na treni ya mwisho ikasimama mwaka 1931. Tramu za umeme zilifanya kazi kuanzia 1905 hadi 1929. Lifti ya Barrakka, iliyojengwa pia mwaka 1905 ili kuwapandisha abiria wa vivuko kutoka ufukwe wa bandari hadi juu ya ngome, ilifungwa mwaka 1973, na nyingine mpya ilisimamishwa mahali pake mwaka 2012. Kilichoziua reli na tramu ni basi, na basi la Malta lilikuwa na tabia ambayo ndiyo ufunguo wa kuielewa teksi ya kisiwa hicho.

Basi hilo lilikuwa mali ya mtu binafsi, mara nyingi dereva mwenyewe au nduguye. Bodi yake iliundwa na mafundi wa Malta juu ya chesesi ya lori la zamani, na katika kipindi kirefu, hadi miaka ya 1970, kila njia ilikuwa na rangi yake, hivyo hata asiyejua kusoma hakupotea. Ndani yake dereva alitundika picha za Bikira Maria na watakatifu, akaandika maneno ya baraka na kunakshi kila mahali palipobaki wazi, kwa ari ileile ambayo wenye matatu wa Nairobi wameyajaza magari yao maandishi na michoro. Idadi ya mabasi ilidhibitiwa, ikaishia kuwa 508, na leseni ikawa rasilimali ya kurithiwa na kuuzwa. Mantiki hiyohiyo ndiyo iliyotawala teksi nyeupe, jina ambalo Wamalta hulipa gari la kukodi lenye haki ya kuegesha katika vituo vya umma na kuchukua abiria barabarani: idadi ya leseni ilikuwa na ukomo, thamani ya leseni ilizidi thamani ya gari, na mwenye kuishika aliiona kama urithi wa wanawe.

Vita vilichelewesha mabadiliko badala ya kuyaharakisha. Kati ya 1940 na 1942, Malta ikiwa imezingirwa na kupigwa mabomu na ndege za Italia na Ujerumani, mafuta yaliadimika kiasi kwamba farasi na baiskeli zilirudi barabarani, na kuwasili kwa meli ya mafuta Ohio, iliyoingia bandarini tarehe 15 Agosti 1942 ikiwa nusura izame, kunakumbukwa hadi leo kama wokovu. Baada ya vita mteja wa zamani alianza kuondoka. Malta ilipata uhuru mwaka 1964, na tarehe 31 Machi 1979 wanajeshi wa mwisho wa Uingereza waliaga. Mashua za dgħajsa, zilizoishi kwa jasho la kuwavusha mabaharia, zilibaki chache, na huenda ni kejeli isiyokusudiwa kwamba moja ya mashindano yao makubwa ya kupiga makasia hufanyika kila mwaka katika tarehe hiyohiyo ya kuondoka kwa mteja wao.

Mteja mpya alikuwa mtalii. Bodi ya utalii ya serikali iliundwa mwaka 1958, wakati visiwa vilikuwa vikipokea wageni 12,000 hivi kwa mwaka, na msukumo mkubwa ulitoka mahali ambapo wachache wangeutarajia. Kati ya 1966 na mwanzo wa 1970 serikali ya Uingereza, katika juhudi za kuilinda sarafu yake, iliwazuia raia wake wasitoke na zaidi ya pauni 50 kwa ajili ya mapumziko katika nchi zisizotumia mfumo wa pauni. Malta ilikuwa ndani ya mfumo huo, hivyo kizuizi hakikuihusu, na Mwingereza aliyetaka jua, lugha aliyoielewa na magari yanayopita upande wa kushoto aliyapata yote huko. Kufikia 1980 wageni walikuwa wamezidi 700,000. Hoteli zilijengwa Sliema na St Julian's, kisha kaskazini zaidi katika Buġibba, Qawra na Mellieħa, na mgeni hakushukia tena bandarini. Alishukia uwanja wa ndege wa Luqa, kusini mwa Valletta, mbali na hoteli karibu zote.

Hapo ndipo teksi nyeupe ilipopata enzi yake nzuri na sifa yake mbaya kwa wakati mmoja. Sheria ilizitaka teksi ziwe na mita, yaani kifaa cha kuhesabu nauli, lakini malalamiko kwamba mita haikuwashwa yalikuwa ya kudumu, na dawa iliyopatikana uwanjani ilikuwa kibanda ambapo abiria hulipa mapema nauli isiyobadilika kulingana na eneo aendalo, kisha akamkabidhi dereva risiti. Ukitazamwa kwa makini, utaratibu huo ni uleule wa viwango vya nauli vya mashua za karne ya 19, na sababu yake ni ileile: mgeni aliyetua muda mfupi uliopita hana pa kulinganishia bei, na mwenye kituo analijua hilo.

Malta ilipojiunga na Umoja wa Ulaya mwaka 2004, ukiritimba wa namna hiyo ulizidi kuwa mgumu kutetewa. Pambano la wazi lilitokea Julai 2008, na halikuanzia kwenye basi wala teksi: serikali ilikusudia kufungua biashara ya magari ya kubebea maiti kwa washindani wapya, na wenye mabasi wakafanya mgomo ili kuwaunga mkono wenye magari hayo, wakijua kwamba ukuta ukibomolewa upande mmoja hautasimama upande mwingine. Hawakukosea. Tarehe 3 Julai 2011 mabasi ya watu binafsi yaliondolewa na huduma ikakabidhiwa kampuni ya Arriva, ambayo mabasi yake marefu yenye kiungo katikati, yaliyokuwa yametumika London, hayakuifaa mitaa ya Malta, na baadhi yakashika moto mwaka 2013. Mwanzoni mwa 2014 serikali ilikuwa imeichukua huduma hiyo, na mwaka 2015 ikaikabidhi kwa kampuni ya Kihispania. Tangu Oktoba 2022 wakazi husafiri bure katika mabasi ya kawaida.

Teksi nyeupe haikufutwa kwa amri, ilizungukwa. Pamoja nayo kulikuwa na daraja jingine la magari, ya kukodiwa kwa kuagizwa kabla, yasiyoruhusiwa kungoja vituoni, ambayo hutambulika kwa herufi Y katika vibao vyake vya namba. Maadamu kuagiza kulihitaji simu ya mezani na karani, magari hayo hayakuwa tishio kubwa, lakini programu za simu za mkononi, za eCabs ya Malta yenyewe, za Bolt ya Estonia, ambayo wakazi wa Nairobi na Dar es Salaam pia wanaifahamu, na za Uber, ziliifanya amri ya kuagiza kabla itimizwe kwa kubonyeza mara moja ukiwa umesimama kando ya barabara. Madereva wengi wa magari hayo ni wahamiaji, hasa kutoka Asia ya Kusini, ambao hawakurithi leseni wala hawatairithisha, na sehemu ya nauli yao hukatwa na kampuni yenye programu. Kanuni inayomtaka mwenye gari la herufi Y awe na gereji ya kuliegesha nje ya barabara, katika nchi yenye magari zaidi ya 400,000 kwa watu nusu milioni na ushee, imekuwa chanzo cha mivutano kati ya serikali na wenye magari, na miongoni mwa wanaodai idadi ya leseni iwekewe ukomo wapo sasa baadhi ya hao hao walioingia kwa sababu ukomo wa zamani ulikuwa umelegea.