Kidhibitimikro: Jina la Chipu Inayoamuru Taa za Raba

Anayetengeneza raba za kuwaka hushona taa za LED kuzunguka soli, akaziunga kwa uzi unaopitisha umeme na kibao cha kielektroniki kiitwacho Flora. Taa, uzi na betri vina majina yanayoeleweka. Ile chipu nyeusi iliyo juu ya kibao ndiyo yenye utata: huyu huiita kompyuta ndogo, yule maikrokontrola. Jina linaloifaa zaidi ni kidhibitimikro, kwa kuwa linataja kazi yake kabla ya aina yake.

Kazi hiyo huonekana tukilinganisha raba za vizazi viwili. Raba za L.A. Gear zilizovuma Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1990 zilitumia swichi ya zebaki: mguu ukitikisika, zebaki hugusanisha nyaya na taa huwaka. Hapo hakuna kinachopima wala kuamua. Kwenye Flora, chipu ya ATmega32u4 husoma kihisi cha mgandamizo kilichowekwa chini ya kisigino, hulinganisha kipimo na kiwango kilichoandikwa katika programu, ndipo huamuru taa ipi iwake na kwa rangi gani. Ukibadilisha programu, raba zile zile zitawaka kwa mtindo mwingine bila kufumua hata mshono mmoja. Huko ndiko kudhibiti. Kuiita kompyuta ndogo kunampa msomaji picha ya skrini na mafaili, ilhali nafasi yake ya programu ni kilobaiti 32 tu.

Wapo watakaosema mafundi wamekwisha kuzoea maikrokontrola. Neno hilo linatosha dukani, lakini mwanafunzi halimfumbulii chochote. Kidhibiti humrudisha kwenye kitenzi anachokijua. Wengine watauliza kwa nini tusiseme kidhibiti kidogo. Jibu limo kwenye kibao hicho hicho: Flora ina pia kidhibiti cha volti, kinachoshusha umeme wa betri hadi volti 3.3, nacho ni kidogo kuliko chipu yenyewe. Anayeelekezwa kwenye kidhibiti kidogo atashika kisichokusudiwa. Mikro ni ya kigeni, sawa, ila hapa haipimi udogo. Inataja aina ya chipu iliyokusanya prosesa, kumbukumbu na njia za kuingiza na kutoa ishara mahali pamoja. Nalo neno zima linatii ngeli ya KI-VI: kidhibitimikro kimeharibika, vidhibitimikro vimeharibika. Istilahi inayoeleza kazi, isiyochanganya vifaa na inayokubali sarufi yetu inastahili kuingia vitabuni.