Kazi Kwanza, Barua Kiisha: namna wanafunzi waliingia katika programu huria

Wenzangu wa informatiki, na nyinyi wengine mnaotumia mashini bila kuuliza iko namna gani ndani, leo tuongee historia kidogo. Kuko ulizo moja linalorudia kila mwaka kwa wanafunzi wetu, zaidi wale wanaokaribia kumaliza: namna gani mtu anaomba kuingia katika miradi ya programu huria, ile inayotengeneza vyombo vya akili bandia kwa ajili ya masomo? Wengi tunajibu sawa vile tulizoea kuomba kazi huku kwetu: barua ya motivasyo, CV, kopi ya diploma yenye muhuri, kiisha kungojea mtu fulani atuite. Lakini ukisoma historia ya miradi hiyo, utaona kama wengi waliingia kwa njia ingine. Walionyesha kazi kwanza. Barua ilikuja kiisha, na mara ingine haikukuja kabisa.

Tukisema programu huria, tunasema programu ambayo kodi yake iko wazi (siyo ile kodi ya Leta, bali maandishi ambayo mashini inafuata). Kila mtu ana ruhusa ya kuisoma, kuibadilisha na kuigawia wengine.

1. Emprimanti iliyokwama

Watu wanafikiri kama akili bandia ni mambo ya juzi na programu huria ni mambo ya zamani, hayana undugu. Kumbe vilikaa nyumba moja. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, Richard Stallman alikuwa anatumika katika labo ya akili bandia ya MIT, kule Marekani. Labo ilipata emprimanti mpya ya Xerox, na ile emprimanti ilikuwa inakwamisha makaratasi. Ile ya mbele yake, Stallman alikuwa ameibadilisha programu yake ili iwapashe watu habari wakati karatasi imekwama. Kwa hii mpya alitaka kufanya vile vile, lakini alinyimwa kodi. Mtu wa iniversite ingine aliyekuwa nayo alikatala kumpa, juu alikuwa ameahidi kutoitoa.

Tarehe 27 mwezi wa 9 mwaka 1983, Stallman alitangaza mradi wa GNU: kutengeneza mfumo mzima wa ordinateri ambao hakuna mtu atakayenyimwa kodi yake. Mwezi wa kwanza 1984 aliacha kazi MIT ili aufanye. Mwaka 1989 ikatoka leseni ya GPL, inayosema kwa ufupi: ukibadilisha na ukigawa, na wewe uache wazi sawa vile ulivyoachiwa. Leseni hiyo njo ilifungulia mlango watu ambao hawakuwa na cheo chochote.

2. Mwanafunzi wa Helsinki na profesa wa Amsterdam

Mwaka 1987, profesa Andrew Tanenbaum wa Amsterdam alitoa Minix, mfumo mdogo aliouandika ili wanafunzi wake waweze kusoma ndani ya mfumo wa ordinateri na kuelewa. Ilikuwa chombo cha masomo, na alitaka ibaki ndogo hivyo hivyo. Kule Finland, mwanafunzi mmoja wa iniversite ya Helsinki, Linus Torvalds, alisoma kitabu cha Tanenbaum, akanunua ordinateri mwanzoni mwa 1991, akaanza kuandika mfumo wake.

Tarehe 25 mwezi wa 8 mwaka 1991, akiwa na miaka 21, aliwaandikia watumiaji wa Minix. Hakuomba nafasi, na hakutaja alama zake za chuo. Aliwaambia kama anatengeneza kitu kidogo kwa kujifurahisha, na akauliza wanapenda nini katika Minix na hawapendi nini. Mwezi uliofuata akaweka toleo la kwanza, mistari kama 10,000 hivi. Watu wakaanza kusoma, kupima, kumrudishia masahihisho. Mwaka 1992 akaiweka chini ya GPL. Hiyo njo Linux, ambayo leo iko ndani ya kila simu ya Android, hata ile unayosomea maneno haya.

Kuko sehemu moja ya hadithi hii ambayo wanafunzi wetu wanapaswa kuijua vizuri. Mwanzo wa 1992, profesa Tanenbaum aliandika mbele ya wote kama Linux imepitwa na wakati, na kama Torvalds angekuwa mwanafunzi wake, kwa mpango ule asingepata alama nzuri. Wazieni: profesa mwenye kitabu, na mwanafunzi ambaye bado hajamaliza! Torvalds alijibu, wakabishana wazi, kiisha kila mmoja akaendelea na kazi yake. Linux haikushinda juu Torvalds aliongea vizuri. Ilishinda juu kila wiki kulikuwa kitu kipya ambacho mtu anaweza kukiweka kwenye mashini yake na kukijaribu. Memwari yake ya chuo juu ya Linux ilikuja mwaka 1997. Kwetu TFC inakuja kwanza, na mara nyingi kazi inabaki ndani ya kabati ya fakulte.

3. Kazi ya likizo iliyokuwa chombo cha dunia

Mwaka 2005, Google ilianzisha Summer of Code: mwanafunzi anachagua mradi wa programu huria, anaandika mpango wa kazi, na akikubaliwa anapata msimamizi na posho kwa miezi ya likizo. Mwaka 2007, David Cournapeau alianza ndani ya mpango huo kitu kilichoitwa scikits.learn, kwa ajili ya kufundisha mashini kujifunza kutoka kwa data. Mwaka huo huo Matthieu Brucher akaendelea nacho katika kazi yake ya tezi. Baadaye watafiti wa INRIA kule Ufaransa wakakishika, na tarehe 1 mwezi wa 2 mwaka 2010 wakatoa toleo la kwanza kwa watu wote. Leo kinaitwa scikit-learn, na ni vigumu kukuta masomo ya kwanza ya ujifunzaji wa mashini ambayo hayakigusi.

Angalieni vizuri: aliyekianza siye aliyekifikisha. Kazi ya likizo ilipita mikono mitatu, juu ilikuwa wazi na ilieleweka. Na mpaka leo nusu ya nguvu ya scikit-learn ni maelezo yake, yenye mifano na picha, yanayofundisha mtu hata kama hana asistanti pembeni. Kwa hiyo anayeandika maelezo mazuri hafanyi kazi ya chini. Kwa mradi wa masomo, maelezo njo mradi wenyewe.

4. Shule ambako intaneti haifike

Mwaka 2012, Jamie Alexandre alikuwa bado anasomea udaktari kule San Diego, na alikuwa anafanya staji Khan Academy, ambayo video zake za hesabu na sayansi zilikuwa zinasifiwa sana. Zilikuwa na shida moja tunayoijua sisi kuliko wengine: bila intaneti hazina kazi. Kutoka hapo ukazaliwa mradi wa KA Lite, kwa ajili ya kupeleka masomo yale fasi isiyo na koneksyo. Kiisha likaanzishwa shirika la Learning Equality, ambalo lilitengeneza Kolibri. Mashini moja ndogo inabeba masomo yote, watoto wanaunganisha tablete au simu zao kwayo ndani ya kalasi, hakuna mega hata moja inayoliwa.

Akili bandia iliingia hapo kwa njia ya kawaida kabisa. Masomo yako maelfu, kila inchi iko na programu yake ya masomo. Nani atapanga kwamba video hii inaenda na somo lile la mwaka wa tano? Mwisho wa 2022 Learning Equality ilifungua mashindano kwenye Kaggle: kufundisha mashini kuoanisha masomo na mada za programu, katika lugha mbalimbali. Mtu yeyote aliweza kushiriki. Hakuna aliyeulizwa amesomea iniversite gani.

5. Na lugha zetu je?

Hapa njo historia inatufikia sisi. Mwaka 2019 lilianza kundi la Masakhane, neno la Kizulu lenye kusema tunajenga pamoja. Waafrika wenyewe walijikusanya kushughulikia lugha zao kwenye mashini. Katika kazi waliyotoa mwaka 2020, walionyesha kama hata watu wasiosomea mambo haya chuoni wanaweza kuleta data, kupima tafsiri na kutia jina lao kwenye utafiti. Mwaka 2023 wakatoa MasakhaNEWS, mkusanyo wa habari katika lugha 16, Lingala, Kirundi na Kiswahili zikiwemo.

Mwaka 2022 Meta nayo ilitoa mashini ya kutafsiri lugha 200. Lugha zetu nne za taifa ziko ndani: Kikongo, Lingala, Kiswahili, Tshiluba. Tufurahi, lakini tuangalie vizuri. Katika orodha za kimataifa, Kiswahili cha pwani kina alama yake, swh, na Kiswahili cha Congo kina yake, swc. Iliyowekwa kwenye mashini ile ni swh. Shirika la Translators without Borders limewahi kutoa wazi sentensi za Kiswahili cha Congo pamoja na Kifaransa, lakini ukilinganisha na za pwani, bado ni tone katika ziwa.

Hii siyo mambo ya sifa tu. Mtoto wa Uvira akiuliza mashini ya masomo "juu ya nini maji inachemka", anataka kujua sababu. Mashini iliyofundishwa Kiswahili cha pwani peke yake inaweza kuelewa kama anauliza maji iko juu ya kitu gani. Akiandika "fasi", itafikiri amekosea. Mtoto atajifunza haraka kama lugha ya nyumbani kwao ni kosa, na atanyamaza. Na kosa la namna hiyo, mtu wa San Diego ao Paris hawezi kuliona. Wewe unaliona mara moja.

6. Basi, kuomba ni kufanya nini?

Tukikusanya hiyo historia yote, kuomba kuingia katika mradi ni kuacha alama ya kazi mbele ya kuandika barua. Sio lazima iwe kubwa. Weka Kolibri kwenye ordinateri ya zamani, fuata maelezo yao mstari kwa mstari, na fasi ulipokwama uandike vizuri: nilifanya hivi, nilitegemea hivi, nikaona hivi. Hiyo tayari ni mchango. Sahihisha sentensi moja ya maelezo. Pima tafsiri ya Kiswahili na uonyeshe mahali inapotea. Miradi mingi inatenga kazi nyepesi kwa ajili ya wageni. Chukua moja, umalize, mbele ya kushika ya pili.

Programu zenyewe zimekubali njia hiyo. Outreachy, ambayo mizizi yake iko mwaka 2006, wakati mradi wa GNOME ulipokea maombi 181 ya Summer of Code na hakuna hata moja la mwanamke, inadai mtu afanye kwanza mchango kwenye mradi mbele ya kuchaguliwa. Dada zetu, muangalie hapo. Summer of Code nayo, tangu 2022, haidai tena uwe mwanafunzi. Wenye kumaliza pia wanaweza kuomba, na maombi yanapokelewa kuelekea mwisho wa mwezi wa tatu. Siku hizi mashini inaweza kukuandikia barua nzuri kwa dakika moja, kwa hiyo barua nzuri haishuhudii kitu tena. Kosa ulilolitafuta wewe mwenyewe na kulisahihisha bado linashuhudia.

Tusidanganyane, mlango kuwa wazi siyo kusema ngazi ni sawa kwa wote. Mwanafunzi wa Helsinki hakuwa anangojea moto ya SNEL urudi saa nane ya usiku, na hakuwa anahesabu mega. Mwenye kuweza kutumika miezi bila malipo ni yule ambaye nyumbani kuko mtu anayemlisha. Hilo ni kweli na tulisema wazi. Lakini kuko vitu vinavyosaidia. Git, chombo ambacho Torvalds huyo huyo alianza mwezi wa 4 mwaka 2005, kinakuruhusu kuchukua mradi mara moja, kutumika siku nyingi bila koneksyo, na kutuma siku unapoipata. Unaweza hata kuchukua hali ya mwisho ya mradi tu, bila historia yake yote, na mega zinapungua sana. Watu watano wa promosyo moja wakichanga koneksyo ya siku moja kwa wiki, wanaweza kutumika wiki nzima.

Stallman alikasirikia karatasi iliyokwama. Alexandre alitafutia dawa video zisizofika. Kila mmoja alianza na shida aliyokuwa anaiona kwa macho. Sisi tuko na zetu: shule bila intaneti, mashini isiyoelewa "juu ya nini". Usingoje diploma ipigwe muhuri. Chagua shida moja kati ya hizo wiki hii, na uandike mstari wa kwanza.